Gobore la Marehemu Babu

Swali: Marehemu babu ametuachia gobore hapa Ijumbi. Naweza kulisafisha tulitunze kama kumbukumbu?

Jibu: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Usilisafishe! Huenda bado limeshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu hulipuka hata baada ya miaka mingi. Kuondoa fataki hakutoshi. Masalia yake yanaweza kuwaka nyundo ikigonga. Usipashe kasiba moto, usiitoboe, wala usichungulie mdomoni. Liache lilipo, chumba kifungwe, watoto wasifike. Kisha nenda kituo cha polisi Muleba mikono mitupu, uwaombe waje kulichukua. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ya babu haikufanyi wewe mmiliki. Ukitaka kumkumbuka, tunza picha yake.