Mradi Uletao Kazi Upimwe kwa Pishi Gani?

Ada ya darsa letu ni kulichunguza neno kabla ya kulikubali, na neno la leo ni hili lisikiwalo katika kila baraza kuanzia Amu hata Kiunga: "Mradi huu umeleta kazi." Mwenye mradi hulitamka siku ya ufunguzi, magazeti hulichapa, nasi huliitikia. Ni nani aliyezihesabu kazi hizo, na kwa pishi gani? Muuzaji akikupimia mchele kwa pishi yake mwenyewe, nawe umegeuza uso, ukipunjwa halaumiwi yeye peke yake.

Tuanze hapa hapa Mkokoni. Karibu na kijiji hiki palikuwa na hoteli ya Kiwayu, iliyokuwa ikiajiri watu wa sehemu hizi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha waliivamia, wakamuua mgeni mmoja Mwingereza na kumchukua mkewe hata Somalia. Hoteli ikafungwa, na mishahara ikakatika. Lau mtu angekuja kuzihesabu kazi za utalii mwezi wa Agosti mwaka ule, angeandika sifa tupu. Angekuja mwezi wa Disemba, angeandika habari nyingine kabisa. Basi jambo la kwanza la kumwuliza mwenye hesabu ni: umehesabu lini, na utarudi lini kuhesabu tena?

Tutazame na kazi ya kandambili. Bahari yetu, ambayo tangu mwaka 1979 imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, hututupia pwani kandambili zilizochakaa kutoka nchi za mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church, mtaalamu wa mambo ya bahari aliyekuwa akifanya kazi katika hifadhi hiyo, aliwaona watoto wa Kiwayu wakizichonga vitu vya kuchezea, akawahimiza wanawake wazikusanye, wazioshe, na kuzifanya vitu vya kuuza. Kazi hii ina fadhila moja kubwa: mwanamke hakuhitaji mashua wala cheti, na mwenye watoto wadogo aliweza kuifanya bila ya kusafiri. Baadaye karakana kubwa ya biashara hiyo ikawa Nairobi. Simlaumu mfanya biashara kwa kulifuata soko liliko. Lakini apimaye mradi kama huu asitosheke kuhesabu vichwa vya walioajiriwa. Aulize pia, katika bei ya kile kinyama kilichochongwa, ni senti ngapi zinazomrudia yule aliyeiokota kandambili juani.

Hesabu iliyo nzito zaidi ni ile ya bandari ya Lamu. Kazi yake ilizinduliwa rasmi tarehe 2 Machi 2012, na gati ya kwanza ikafunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na katika miaka yote hiyo ahadi ya kazi kwa vijana haikukauka midomoni. Hapana shaka ziko kazi zilizopatikana. Lakini tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba upande mmoja wa daftari ulikuwa ukiandikwa waliopata kazi, na upande wa pili, wa waliopoteza kazi zao za baharini, ulikuwa mtupu mpaka wenyewe walipokwenda kushitaki. Mvuvi hana barua ya kuajiriwa. Kwa hiyo akikosa pa kutega hakuna afisi imwandikayo kuwa amefutwa kazi.

Sasa natutazame wenzetu wa Uganda, kwani huko kipimo kilifanywa kwa uangalifu. Katika mradi wa serikali wa kuwasaidia vijana wa kaskazini ya nchi, vikundi 535 vilistahili msaada, na fedha hazikutosha. Mwaka 2008 ikapigwa kura. Vikundi 265 vikapewa mtaji wa ufundi, wastani wa dola 382 kwa kila mtu. Waliokosa nao hawakusahauliwa: waliandikwa, wakafuatwa. Baada ya miaka minne pato la waliopewa lilizidi la wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa tofauti ile ya pato ilikuwa karibu imetoweka, kwa kuwa waliokosa waliwafikia wenziwao, ingawa waliopewa walibaki na mali zaidi na ufundi mikononi. Wako wasemao kuwa basi mradi ule haukufaa. Mimi sioni hivyo. Miaka kadhaa ya riziki njema si kitu kidogo kwa mwenye kulea. Lakini lau wangeulizwa waliopewa peke yao, mradi ungejitwalia sifa ya mambo yaliyoletwa na wakati tu.

Limebaki la "kazi kwa wote", maneno yaliyo mepesi kuandika. Wote ni nani? Kijiji chaweza kuitwa mkutanoni, wakaja wanaume wenye mashua na vijana waliosoma, ikaandikwa kuwa kijiji kimekubali. Mjane asukaye mikeka hakuwapo, kiziwi hakuwapo, na ndugu zetu Waaweer wa Kiangwe na Basuba hawakupelekewa habari. Kipimo cha neno hili ni kuanza na hao.

Kwa hiyo rai yangu kwa wazee wa Mkokoni ni hii. Kabla ya mradi wowote kuanza, watafutwe vijana wawili wajuao kuandika, mmoja wao mwanamke, wasiolipwa na mradi. Waandike kila nyumba: nani anafanya kazi gani, apata nini, na nani aliomba kazi akakosa. Warudi nyumba zile zile baada ya mwaka, na tena baada ya miaka mitano, hata kama wenye mradi wamekwisha kuondoka. Daftari likae kijijini, na nakala apewe mfadhili aitakaye.