Gereza la Bedford na Riziki ya Bwana Jela

Wasomaji wetu, katika somo hili twataka kueleza jinsi magereza ya Uingereza yalivyotengenezwa hapo zamani, nasi twachukua mfano wa jimbo moja, Bedfordshire.

Zamani bwana jela wa Bedford hakuwa na mshahara. Riziki yake ilitoka kwa wale wale aliowafungia mlango. Mtu kabla ya kutoka alimlipa shilingi 15 na peni 4, na mshika funguo shilingi 2, nazo kwa maskini zilikuwa fedha nyingi. Hata aliyeonekana barazani kuwa hana hatia alirudishwa ndani mpaka alipe. Mkono mtupu haulambwi. Basi asiye kitu alikaa kifungoni kwa deni la kufungwa tu.

Mwaka 1773 John Howard alifanywa Sherifu Mkuu wa jimbo hilo, akaingia gerezani kutazama kwa macho yake mwenyewe. Alipoijua dhuluma hii aliwaomba mahakimu wampe bwana jela mshahara. Nao wakataka kwanza waonyeshwe jimbo jingine lifanyalo hivyo. Howard akapanda farasi, akazunguka majimbo ya jirani. Hakuona hata moja. Bali aliona dhuluma ile ile, na tena homa ya jela, ambayo huenezwa na chawa, ikiwaua wafungwa wengi.

Mwaka 1774 akatoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka huo huo zikatoka sheria mbili. Ya kwanza, asiye na hatia aachwe mara moja bila malipo. Ya pili, kuta zipigwe chokaa kila mwaka, hewa ipite, na wagonjwa wawe na vyumba vyao. Mwaka 1801 Bedford ikapata gereza jipya. Mwaka 1815 ada za magerezani zikakatazwa, na mwaka 1878 magereza ya majimbo yakawekwa chini ya serikali kuu.

Je, twajifunza nini? Si lazima bwana jela yule awe alikuwa mtu mwovu. Desturi ndiyo iliyomfanya apate faida katika taabu ya mwenziwe. Basi kila aliyekabidhiwa watu, awe mkubwa au karani, na ajiulize: Riziki yangu yatoka wapi? Maana mlinzi alishwaye na mfungwa hana haraka ya kufungua mlango.