Nilivyojifunza Kuhesabu Majina Tofauti

Mwanangu unayeanza ukarani, nimetunza daftari za chama cha ushirika cha wakulima wa korosho kwa miaka mingi. Makosa haya nakupa ili usiyarudie.

1. Mistari si vijiji

Mwenyekiti aliuliza korosho za msimu zimetoka vijiji vingapi. Nikaweka fomula ya COUNTA kwenye Excel, nikamjibu 412. "Kijana wangu, mimi nimezaliwa hapa. Ni sita." Nilikuwa nimehesabu stakabadhi.

Baadaye nilifundishwa =SUMPRODUCT(1/COUNTIF(A2:A413,A2:A413)). Kijiji kikitokea mara nne, kila mstari wake unapewa robo, na robo nne zinatimiza kimoja. Siku nilipoelewa niliichora kwenye karatasi na kumwonyesha kila aliyeingia ofisini. Angalia tu pasiwe na seli tupu: moja inatosha kuharibu jibu zima, kwa kuwa fomula itagawanya kwa sifuri.

2. Safisha kwanza

Fomula ikaleta 11. "Mahuta" na "MAHUTA" ilizihesabu kitu kimoja, lakini "Mahuta" yenye nafasi mwishoni ikawa kijiji kipya. TRIM huondoa nafasi hizo. "Mahutta" haiondolewi na fomula yoyote. Orodha ile niliisoma kwa sauti mbele ya mwenyekiti, jina kwa jina.

3. Namba ndefu nayo ni jina

Hili bado linaniuma. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Tuliziandika bila vistari, kama maandishi, nami nikatumia COUNTIF kusaka waliojirudia kwenye orodha ya wakulima wa kupewa salfa, dawa ya mikorosho. Sikujua kwamba COUNTIF huyageuza maandishi ya tarakimu kuwa namba, na Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Wawili waliofanana tarakimu hizo 15 wakaonekana mtu mmoja, nikamfuta wa pili.

Wa pili alikuwa mama mjane. Alikuja na kitambulisho mkononi, mikorosho yake imeshaanza kutoa maua, na salfa ilikuwa imekwisha ghalani.

Siku hizi natumia =ROWS(UNIQUE(A2:A413)), iliyomo katika Excel 2021; hiyo hulinganisha maandishi bila kuyageuza kuwa namba. Na kabla sijamfuta mtu, namwita kwanza.