Somo: Seli Zinazojenga Mfupa

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa Lubumbashi huuita SS, huweza kuanza kuchechemea pasipo kuanguka. Jirani husema amerogwa. Sivyo. Tujifunze yanayotendeka ndani ya nyonga yake.

1. Mfupa hufaje?

Mfupa hulishwa na damu. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu hupindika kama mundu, nazo huziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja hukosa chakula, hufa, kisha huporomoka. Nguzo iliyoliwa na mchwa husimama kwa muda, halafu nyumba huanguka. Ndivyo ilivyo nyonga.

2. Wajenzi wako wapi?

Ndani ya mfupa mna uboho, yale mafuta laini tunayofyonza tulapo nyama. Humo zimo seli chache sana, labda moja katika 10,000 au zaidi, ziwezazo kugeuka kuwa mfupa au gegedu, ule mfupa laini unaofunika viungo. Alexander Friedenstein wa Moscow alizionyesha katika miaka ya 1960 na 1970.

3. Hukuzwaje?

Mganga huvuta uboho kwa sindano katika mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kuzuia maumivu. Uboho huwekwa katika chombo safi chenye maji ya lishe, kwa joto la digrii 37. Seli hizo hushikamana na sakafu ya chombo; zisizoshika humwagwa. Zikijaa, hugawanywa katika vyombo vingine, kama miche ya kitalu. Kazi hii huchukua majuma kadhaa.

4. Zasaidia nini?

Philippe Hernigou, mpasuaji wa Créteil karibu na Paris, hakuzikuza. Aliuzungusha uboho kwa mashine ili kuzikusanya seli, akaziingiza katika nyonga. Mwaka 2002 alitoa hesabu ya nyonga 189, zikiwamo za wagonjwa wa selimundu. Katika nyonga 145 zilizotibiwa kabla ya kuporomoka, 9 tu zilihitaji kubadilishwa kwa nyonga ya bandia. Katika 44 zilizokwisha kuporomoka, 25 zilihitaji. Basi seli hutengeneza nyumba iliyosimama, haziinui iliyoanguka.

Gegedu ni gumu zaidi kuponya, maana halina mishipa ya damu. Tena, anayeuza sindano ya seli iponyayo kila ugonjwa anakudanganya.

5. Mzazi afanye nini?

Mtoto wa SS akiumwa kinena, paja au goti, au akichechemea, usingoje. Mpeleke hospitali. Picha ya kwanza yaweza kuonekana njema huku mfupa umeanza kufa. Maumivu yakiendelea, mrudishe. Usimkande kwa nguvu. Mganga akimpa magongo, ayatumie, ili nyonga isibebe mzigo. Hata pasipo seli, kuwahi huko husaidia kuiokoa nyonga.

Maswali

1. Kwa nini kichwa cha mfupa wa paja hufa?
2. Seli za kujenga mfupa hutoka wapi?
3. Utamjibuje jirani asemaye mtoto amerogwa?