Thamani ya Nafasi katika Desimali
Mwulize mtoto wa Ikola ipi ni kubwa, kilo 0.35 ya dagaa au kilo 0.5. Huenda akajibu 0.35, kwa kuwa 35 yaipita 5. Kwa kosa hilo atapunjwa mizanini. Usikimbilie kumsahihisha, apime mchanga gramu 350, kisha gramu 500, ndipo aandike 0.50.

Vipeo vya kumi vifuate. Kina cha Ziwa Tanganyika hufikia mita zipatazo 1,470. Ukigawanya kwa 10³, wapata kilomita 1.47. Tarakimu ndizo zilizohama nafasi tatu kuelekea kulia. Sisi tuliozoea kusema “sogeza nukta” tumewapotosha wengi.

Chora nafasi sakafuni. Jiwe liwe nukta, lisiguswe. Watoto wenye kadi za tarakimu wahame wenyewe. Mwenye sifuri atafika sehemu za elfu: mwache aulize kama aweza kuketi.