Kupanga Mtaa Mpya Juu ya Uwanda wa Makonde

Muhula huu, katika somo la Jiografia, tulipewa kazi ambayo naona yafaa kuelezwa katika gazeti letu, kwa kuwa wasomaji wengi siku moja watajenga nyumba. Tuliambiwa tuchore ramani ya mtaa mpya wa nyumba za kukaa, karibu na ukingo wa uwanda upande wa Newala. Ardhi tuliyoipima ni mraba wa mita 200 kwa mita 200, yaani hekta 4. Kwangu mimi haukuwa mchezo wa karatasi, maana ardhi hiyo ni shamba la mikorosho la bibi yangu. Mji unakua, na watu wamekwisha kumwuliza bei.

Ramani yetu ya kwanza ilikuwa rahisi. Tulitenga mita za mraba 8,000 kwa barabara. Zilizobaki, 32,000, tulizigawa kwa viwanja vya mita 20 kwa 20, tukapata viwanja 80. Tulifurahi sana. Mwalimu aliitazama, asiweke alama yo yote, akauliza swali moja tu: "Mvua ikinyesha, maji yatakwenda wapi?"

Basi tukapiga hesabu. Tuseme kila nyumba ina paa la mita za mraba 60. Mapaa 80 ni mita za mraba 4,800. Tukiongeza barabara tunapata 12,800. Mvua moja kubwa ya milimita 50 ikinyesha juu ya eneo hilo, ni lita 640,000 za maji. Udongo wa uwanda wetu ni wa mchanga, nao hunywa maji vizuri ukiwa chini ya miti na majani. Lakini juu ya bati na barabara iliyoshindiliwa maji hayapati pa kuingia. Hukimbilia ukingoni, na huko huchimba korongo. Mwaka wa kwanza korongo ni mfereji mdogo. Baadaye hufuata nyumba za watu.

Tena liko jambo la pili. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, kwa sababu mvua huzama chini sana mchangani. Maji hayo hutokea tena katika chemchemi zilizo chini ya uwanda. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wakiishi juu pasipo maji na kuyafuata mabondeni. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu na mabomba, na mpaka leo maji ya Makonde hupandishwa kutoka chini. Kwa hiyo tukiifunika ardhi yote ya juu, tunayanyima maji njia ya kwenda kule tunakoyateka.

Jioni nilimpelekea bibi ramani ile. Nilimwamkia, nikaitandaza mkekani. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, mikorosho yangu iko wapi hapa?" Nikamwambia kwamba haipo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alipokuwa msichana walikuwa wakiondoka jogoo la kwanza kuteremka bondeni, na kupanda na mtungi kichwani jua likiwa kali. "Mnaojenga leo mmezoea bomba," alisema. "Siku likikauka, mtamwuliza nani njia?"

Tulichora ramani ya pili. Barabara zilibaki vile vile, viwanja tukavipunguza mpaka 60, na mita za mraba 8,000, yaani sehemu moja katika tano, tukaziacha wazi. Ukanda wa mikorosho tuliuacha upande wa ukingo ili uzuie maji. Katikati tuliweka uwanja wa watoto kuchezea chini ya mwembe, na mahali pa chini pa kukusanyia maji ya barabara yapate kuzama taratibu.

Mwenzetu mmoja kutoka Masasi alipinga kwa nguvu. Alisema, "Viwanja ishirini ni jamaa ishirini. Je, watalala mtini?" Hoja yake ni ya haki, nasi hatukuicheka. Tulichukua viwanja 10 tukaweka katika kila kimoja nyumba mbili za kuungana ukuta, tukapata jamaa 70. Jamaa kumi bado wamekosa nafasi, na sisemi kwamba ni jambo dogo. Lakini jamaa kumi waweza kutafutiwa kiwanja mahali pengine. Korongo likikwisha kuchimbika halihamishwi.

Wengine walidhani matangi ya mvua yatamaliza shida yote. Paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 54,000. Tukitoa moja ya tano inayopotea, zabaki 43,200. Jamaa wanaotumia ndoo tano za lita 20 kila siku wanahitaji lita 100. Lakini tangi la lita 5,000 litawatosha siku 50 tu, na kiangazi chetu ni miezi mingi kuliko hiyo. Tangi ni msaada mzuri, ila haliondoi haja ya chemchemi.

Yafaa pia tujue kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mtu anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na ya upesi. Basi mpangaji mwema huanza kwa kuzungumza na mwenye shamba, kisha ndipo huchukua kamba ya kupimia.

Bibi hajaamua kuuza. Ramani ya pili ameiweka sandukuni, na amesema atakayekuja na bei ataonyeshwa hiyo kwanza.

Maswali kwa msomaji:

1. Pima paa la nyumba yenu. Mvua ya milimita 50 italeta lita ngapi?

2. Maji hayo huelekea wapi sasa? Yafuate kwa miguu mpaka mwisho wake.

3. Ungelazimika kuchora mtaa wetu, ungewapa nafasi jamaa wale kumi? Kwa kuondoa nini?