Ukomo wa Kurudia Mtihani: Mipaka ya Chuo na ya Mahakama

Kanuni za vyuo vikuu vingi huweka idadi ya mara ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kurudia mtihani, zikiisha, huondolewa. Mwanafunzi wa chuo kilichoko Kitengela anaweza kuupinga uamuzi huo katika Mahakama Kuu mjini Kajiado. Swali ni: aombe nini?

Kwanza, asiombe alama. Mwaka wa 2000, katika kesi dhidi ya University of Lincolnshire and Humberside, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilieleza kuwa ubora wa jibu huamuliwa na wanataaluma, ilhali ukiukaji wa kanuni za chuo unaweza kuamuliwa na mahakama.

Pili, achunguze utaratibu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, halali, wa busara na wa haki. Aliyeathirika ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Je, alisikilizwa? Je, mtihani alioukosa kwa ugonjwa, kwa idhini, ulihesabiwa?

Tatu, asiruke ngazi. Sheria ya mwaka wa 2015 inayotekeleza kifungu hicho, ambayo hugusa hata taasisi zisizo za serikali, humtaka amalize kwanza rufaa za ndani, isipokuwa mahakama imwondolee sharti hilo kwa sababu za kipekee.

Kwa muhtasari, ukomo wenyewe si dhuluma. Dhuluma ni kuutekeleza bila kumsikiliza mhusika. Hivyo basi, barua zote na vyeti vya daktari vihifadhiwe mapema.